Haki Isiyo Wajibu: Mantiki ya Maneno Mawili katika Mabishano ya Ngorongoro na Karatu

Kosa linalojadiliwa katika mhadhara huu ni dogo kwa umbo na kubwa kwa athari. Mtu husema: "Fulani ana haki ya kufanya jambo hili." Kisha, bila kuongeza hoja nyingine yoyote, huhitimisha: "Basi fulani sharti alifanye." Mara nyingine huja kinyumenyume: "Fulani halazimiki kufanya jambo hili, kwa hiyo hana haki ya kulifanya." Hoja zote mbili hazisimami. Hata hivyo, husikika mabarazani, bungeni, magazetini na hata mahakamani, na aghalabu hupita bila kupingwa kwa sababu maneno yenyewe, haki na wajibu, yamezoeleka kutembea pamoja kama chanda na pete.

Mahali pa kuichunguza hoja hii si lazima pawe darasa la mantiki. Nyanda za Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, zinafaa zaidi. Huko kuna miaka zaidi ya sitini ya mabishano kuhusu nani ana haki ya kuishi wapi, kulima nini, kuchunga wapi na kuhama lini. Aidha, huko Kiswahili kinafanya kazi ngumu kuliko pengine popote nchini. Mwiraki huzungumza lugha ya Kikushi. Mmaasai na Mdatoga huzungumza lugha za Kiniloti, ambazo hata hivyo hazisikilizani. Na Mhadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi huzungumza lugha yenye sauti za vidoko, ambayo wanaisimu wengi leo huiona kuwa haina ndugu. Wanapokutana katika baraza la wilaya au mnadani, lugha inayowaunganisha ni ya Kibantu, na maneno yake ya sheria mengi yana asili ya Kiarabu: haki, wajibu, lazima, sharti, ruhusa, hiari. Kosa la mantiki linalojificha ndani ya maneno hayo huwafikia wote kwa pamoja.

Njia ya upande mmoja

Mwaka 1951 mwanafalsafa wa Finland, Georg Henrik von Wright, alichapisha makala fupi iliyoweka msingi wa tawi la mantiki linaloshughulikia wajibu, ruhusa na katazo. Wazo lake kuu laweza kuelezwa bila alama yoyote ya kihisabati. Jambo ni wajibu iwapo kuliacha hakuruhusiwi. Jambo ni marufuku iwapo kulitenda hakuruhusiwi. Jambo ni la hiari iwapo kulitenda kunaruhusiwa na kuliacha nako kunaruhusiwa. Kutokana na hayo, kila lililo wajibu linaruhusiwa, kwani ingekuwa ajabu mtu kulazimishwa jambo analokatazwa. Lakini si kila linaloruhusiwa ni wajibu. Kila mkulima wa vitunguu wa Mang'ola ni mkulima wa Karatu. Si kila mkulima wa Karatu analima vitunguu. Njia ni ya upande mmoja, na anayeirudi kinyume hukamatwa na mantiki hata kama hakukamatwa na askari.

Wasomi wa Pwani hawakuhitaji kumngoja von Wright. Fikihi iliyosomwa Lamu, Zanzibar na Bagamoyo kwa karne kadhaa iliyagawa matendo katika mafungu matano: faradhi, sunna, mubaha, makuruhi na haramu. Fungu la tatu, mubaha, ndilo hasa la hiari: anayetenda hapati thawabu na anayeacha hapati dhambi. Neno ruhusa nalo limetoka katika elimu hiyo hiyo. Msafiri ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani na kuzilipa siku hizo baadaye. Hakuna mwalimu wa madrasa aliyewahi kufundisha kwamba, kwa kuwa msafiri ana ruhusa ya kula, basi akifunga amekosa. Tofauti ambayo mtoto wa chuoni aliielewa kwa mfano mmoja wa safari inatakiwa ielezwe upya kila mara kuhusu haki za raia, na hilo lenyewe linastahili kushangaza.

Ruhusa, hata hivyo, haijamaliza maana ya haki. Mwanasheria wa Marekani, Wesley Newcomb Hohfeld, alionyesha mwaka 1913 kwamba neno hili moja hubeba mambo kadhaa yaliyo tofauti. Mawili yanatosha hapa. La kwanza ni uhuru: mtu ana haki ya kufanya jambo, maana yake hana wajibu wa kutolifanya. La pili ni dai: mtu ana haki ya kupewa jambo au kutobughudhiwa katika jambo, maana yake kuna mtu mwingine mwenye wajibu wa kumpa au kutombughudhi. Katika maana hii ya pili wajibu upo, tena ni wa lazima kimantiki, lakini haukai kwa mwenye haki.

Mfano wa Mang'ola waweza kusaidia. Maji ya chemchemi za bonde la Eyasi hugawanywa mashambani kwa mifereji, na wakulima hupokezana kwa zamu. Ichukuliwe kwamba zamu ya mkulima mmoja ni Jumatano. Siku hiyo ana dai: wenzake wa juu wana wajibu wa kutoyazuia maji. Ana uhuru vilevile: akiona mvua imenyesha na vitunguu vyake vimeshiba, aweza kuyaacha maji yapite yaende kwa jirani wa chini. Anao pia wajibu, kwa mfano wa kushiriki kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji. Lakini wajibu huo haukutokana na zamu yake kwa kanuni ya mantiki. Ulitokana na makubaliano ya watumia maji. Kama makubaliano hayo yasingekuwapo, zamu ingebaki zamu na mfereji ungejaa matope.

Sheria yenyewe ya maji imepitia mabadiliko ya kufunza. Chini ya Sheria ya mwaka 1974, aliyetaka kuchota maji ya mto kwa umwagiliaji aliomba haki ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaliondoa jina hilo na kuweka kibali cha kutumia maji. Mfereji haukuhama, lakini neno lilihama, na pamoja nalo ikahama picha ya nani anamwia nani. Mwenye haki hudai; mwenye kibali huomba na hungoja.

"Hakuna haki bila wajibu"

Kauli hii imesemwa mno tangu enzi za Ujamaa hata ikapata hadhi ya methali. Ina maana tatu, na wasemaji wengi huchukua ithibati ya moja na kuitumia kwa nyingine.

Kwa maana ya kwanza, haki ya huyu ni wajibu wa yule. Hii ni kweli kwa haki zote za aina ya dai, wala haihitaji kuthibitishwa, kwa kuwa ndiyo maana yenyewe ya neno. Kwa maana ya pili, anayefaidi haki katika jamii naye ana wajibu wake wa kutimiza kwa jamii hiyo. Hii ni kauli ya maadili na siasa. Yaweza kuwa kweli, lakini lazima ijengewe hoja yake, na ieleze ni wajibu upi na nini kitatokea usipotimizwa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu uliopitishwa mwaka 1981 unaitaja waziwazi, kwani una vifungu vya wajibu wa mtu kwa familia, jamii na taifa. Kwa maana ya tatu, mwenye haki ya kufanya jambo ana wajibu wa kulifanya jambo lilo hilo. Hii ni batili. Hoja inapoanza kwa maana ya kwanza, ambayo hakuna anayeweza kuipinga, na kuishia kwa maana ya tatu, msikilizaji hupokonywa kitu bila kuhisi mkono uliompokonya.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 yatoa ushahidi mzuri dhidi ya maana hiyo ya tatu. Sura yake ya haki na wajibu, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, inatambua katika ibara ya 22 haki ya kufanya kazi. Kisha, ibara tatu mbele, katika ibara ya 25, inaweka wajibu wa kushiriki katika kazi halali. Lau wajibu wa kufanya kazi ungekuwa umo tayari ndani ya haki ya kufanya kazi, ibara ya 25 ingekuwa maneno ya ziada. Waandishi wa Katiba waliiandika kwa sababu walijua haimo. Ibara ya 20 nayo inampa mtu uhuru wa kujiunga na wenzake katika vyama, na hapo hapo inakataza mtu kulazimishwa kujiunga. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi: haki ya kujiunga hukaa nyumba moja na haki ya kutojiunga.

Upigaji kura ni mfano mwingine. Nchini Australia kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho ni wajibu wa kisheria tangu mwaka 1924, na asiyepiga bila sababu hutozwa faini. Nchini Tanzania ni haki tu. Nchi zote mbili zina haki ya kupiga kura. Moja imeongeza wajibu kwa sheria ya ziada. Uongezaji huo ndio unaothibitisha kwamba haki peke yake haikutosha kuleta lazima.

Lugha yenyewe inavyochangia

Si haki kuwalaumu wasemaji peke yao. Kiswahili kina mianya kadhaa ambamo haki na wajibu hupenyezana.

Mwanya wa kwanza ni neno haki lenyewe. Katika Kiarabu, asili yake, mwelekeo huoneshwa na kihusishi: neno hilo hilo likifuatwa na kihusishi cha "kwa faida ya mtu" ni haki yake, na likifuatwa na kihusishi cha "juu ya mtu" ni deni lake. Kiswahili kililichukua neno na kuviacha vihusishi. Kilichobaki ni kihusishi -a cha uhusiano, ambacho hakina mwelekeo. "Haki ya mgeni" ni kile mgeni anachostahili kupewa. Lakini mwenyeji husifiwa kwamba "ametimiza haki ya mgeni", na kitenzi timiza kwa kawaida ni mwenza wa wajibu. Msikilizaji wa kawaida hatatizwi, kwa kuwa anajua mgeni ni nani na mwenyeji ni nani. Lakini kwa "haki ya ardhi", "haki ya uhifadhi" au "haki ya wanyama", mwenye kudai na mwenye kudaiwa hawaonekani.

Mwanya wa pili ni kirai "ni juu yako". Katibu wa watumia maji anapomwambia mzee, "Jumatano zamu yako, mzee wangu, kufungua mfereji ni juu yako," amesema nini? Yaweza kuwa amempa wajibu: usipofungua wewe, hakuna wa kukufungulia. Yaweza kuwa amempa hiari: ukitaka fungua, usipotaka acha. Maneno ni yale yale, na kiimbo cha sauti ndicho huamua. Barua haina kiimbo.

Wa tatu ni ukanushi, na huu ndio hatari zaidi. "Si lazima aondoke" na "lazima asiondoke" ni kauli mbili zilizo mbali: ya kwanza humwachia hiari, ya pili humfunga. Kiswahili kinaweza kuzitenganisha vizuri kabisa, kama mifano hiyo inavyoonesha. Lakini vitenzi pasa na taka katika kauli ya kutendwa huvuta ukanushi ndani. "Hapaswi kulima hapa," kwa umbo lake, husema kwamba wajibu wa kulima haupo. Kwa matumizi, husema kwamba kulima ni marufuku. "Hatakiwi kuingia" ni vivyo hivyo. Hivyo mtu asiye na wajibu wa kulima na mtu aliyekatazwa kulima hujikuta katika sentensi moja. Hapa ndipo ile sura ya pili ya kosa, "halazimiki, kwa hiyo hana haki", inapopata maziwa ya kunyonya.

Wa nne ni dhamira tegemezi, ile yenye kiishio -e. "Aingie" ni amri au ruhusa? Mlinzi wa lango akiambiwa "Mgeni aingie," ameruhusiwa kumpitisha. Mgonjwa akiambiwa "Aingie," ameitwa na daktari. Katika sentensi "Anayetaka kuhama ahame," kishazi "anayetaka kuhama" ndicho kinachoifanya iwe ruhusa. Kikidondoshwa, kwa haraka ya mwandishi wa habari au kwa makusudi ya mwingine, hubaki neno moja: "Ahame." Ruhusa imegeuka amri bila hata irabu moja kubadilishwa.

Hati za mwaka 1958 na 1959

Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951 ikiwa na watu ndani yake. Mabishano yaliyofuata yaliishia kwa maafikiano ya mwaka 1958, ambapo wazee 12 wa Kimaasai waliridhia hati ya kuachilia madai ya haki ya kukaa katika Serengeti ya magharibi. Kimantiki hati hiyo ina vitu viwili. Kimoja ni kuachilia haki: tangu hapo wasingeweza kudai. Cha pili ni kukubali kuondoka na kutovuka tena mpaka: huo ni wajibu. La pili halitoki katika la kwanza. Aliyeachilia dai lake la kiti hajalazimika kusimama. Amepoteza tu haki ya kulalamika akiondolewa. Ndiyo maana hati ililazimika kuyasema yote mawili. Swali ambalo hati yenyewe haikuweza kulijibu ni kama watu 12 wanaweza kuachilia haki ambayo si yao peke yao. Kuachilia haki ni uwezo wa mwenye haki, na mjadala wa uwakilishi wa wazee wale haujazimika hadi leo.

Mwaka 1959 sheria mahsusi iliitenga Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300, liwe mahali ambapo wafugaji na wanyamapori wangeishi pamoja. Gavana Richard Turnbull, akizungumza na baraza la Wamaasai mwezi Agosti mwaka huo, aliahidi kwamba masilahi ya wakazi yakigongana na ya wanyama, ya wakazi yatatangulia. Ahadi ya aina hiyo ni ya kuleta dai: wakazi wana haki, serikali ina wajibu. Haikuwaambia wakazi wafanye lolote.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika eneo zima. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela alilegeza katazo hilo kwa sababu ya njaa. Mwaka 2009 likarejeshwa. Ukulima ulipokuwa haramu upande wa juu wa lango la Lodoare, mahindi ya Karatu yalipanda mlima kwa magari na kwa punda, na mifugo ikashuka kuyalipia. Watu wa pande mbili za mpaka mmoja walitegemeana hivyo kwa sababu ya neno moja la sheria.

Haki ya kuishi kimila

Marekebisho ya sheria ya mwaka 1975 yalitaja miongoni mwa kazi za Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kulinda na kuendeleza masilahi ya Wamaasai walio raia, wanaojishughulisha na ufugaji wa ng'ombe na uzalishaji wa maziwa ndani ya eneo. Kwa msomaji wa haraka hii ni neema. Kwa mwanaisimu kishazi "wanaojishughulisha" ni cha kutazamwa mara mbili. Je, kinaeleza tu watu waliokuwapo, yaani Wamaasai, ambao kwa kawaida hufuga? Au kinabana, yaani wale tu wanaofuga, na kwa kadiri wanavyofuga? Virejeshi vya Kiswahili, sawa na vya lugha nyingine nyingi, havioneshi tofauti hiyo kwa umbo.

Usomaji wa pili ndio uliozaa hoja ambayo imesikika kwa miongo mingi: kwamba wakazi wa Ngorongoro waliruhusiwa kubaki ili waishi maisha ya asili ya kifugaji, kwa hiyo anayejenga nyumba ya matofali, anayenunua pikipiki au anayeotesha mahindi nyuma ya boma amejiondolea mwenyewe haki ya kubaki. Hapo haki ya kuishi kimila imegeuzwa wajibu wa kuishi kimila. Watu wa Dar es Salaam wana haki ya kuvaa kanzu. Hakuna anayewaambia kwamba siku wakivaa suruali wamepoteza mji. Hoja ya uhifadhi yaweza kuwa na nguvu zake: watu waliokadiriwa kuwa takriban 8,000 mwaka 1959 walikuwa zaidi ya 90,000 katika miaka ya 2010, na malisho hayakuongezeka. Hilo ni jambo la kupima kwa takwimu za nyasi, maji na mifugo. Lakini hoja hiyo ijengwe kwa miguu yake. Haipaswi kuazima miguu ya haki ya mila, kwani haki ya mila haisemi lolote kuhusu wajibu wa kubaki vile mtu alivyokuwa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilikutana na jambo la jirani katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Kenya. Katika hukumu ya Mei 2017, mahakama ilikataa kukubali kwamba uhifadhi wa msitu ulihalalisha kuwaondoa, kwa kuwa serikali haikuthibitisha kwamba wao ndio walioharibu. Mtiririko wa hoja hapo ni safi: haki ilikuwa upande wa jamii, wajibu ulikuwa upande wa dola, na mzigo wa kuthibitisha haukuhamishwa.

Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, lina mfano tulivu zaidi. Mwaka 2011 jamii za Wahadzabe zilipatiwa hati za hakimiliki ya kimila. Hati hizo huwawezesha kuendelea kuwinda na kuchimba mizizi. Kijana wa Kihadzabe anayeamua kusoma ualimu hajavunja hati hiyo.

Hiari iliyotamkwa mwaka 2022

Mwaka 2022 serikali ilianza mpango wa kuwahamisha wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, ambako zilijengwa nyumba na kutengwa mashamba. Neno lililobeba mpango huo lilikuwa hiari. Wanaopinga walidai kwamba huduma za jamii Ngorongoro zilipunguzwa ili kubaki kuwe kugumu. Serikali ilikana kwamba kuna anayelazimishwa. Mantiki haiwezi kuamua nani anasema kweli kuhusu dawa katika zahanati. Inaweza, hata hivyo, kusema ni nini kinachotakiwa kuthibitishwa.

Hiari, kama ilivyoelezwa, ina nusu mbili: ruhusa ya kutenda na ruhusa ya kuacha. Watetezi wa mpango walieleza kwa kirefu nusu ya kwanza: mwananchi ana haki ya kupata nyumba bora, ana haki ya kulima, ana haki ya kuwa na hati, ana haki kama raia yeyote ya kuishi popote nchini. Yote hayo yaweza kuwa kweli, na ibara ya 17 ya Katiba inaitambua hiyo ya mwisho. Lakini hata yakirundikwa mpaka yafike kimo cha Oldeani, hayatoi hitimisho kwamba mtu ahame. Na hayathibitishi hata hiari, kwa kuwa nusu ya pili haijaguswa: je, anayebaki ana uhuru wa kubaki, na ni nani mwenye wajibu wa kutombughudhi? Wapinzani nao wapo walioteleza upande wa pili kwa kusema kwamba, kwa kuwa Wamaasai wana haki ya Ngorongoro, basi aliyepanda lori kwenda Msomera ameisaliti jamii. Huyo naye alikuwa na haki ya kubaki, si wajibu wa kubaki. Kumwita msaliti ni kufanya kosa lile lile kwa kofia nyingine.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Zipo haki ambazo kwa kweli zimefungamana na wajibu kwa mtu yule yule. Mtoto wa Karatu ana haki ya elimu, na chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 mahudhurio ya shule ya msingi ni ya lazima. Je, si mfano wa haki kuwa wajibu? Ni mfano wa haki na wajibu kukutana, si wa kimoja kumzaa kingine. Daraja kati yao ni hoja ya tatu: kwamba mtoto hajaweza kupima hasara ya kutosoma, na kwamba anayeamua kwa niaba yake, yaani mzazi, asiruhusiwe kuamua vibaya. Hoja hiyo inakubalika kwa wengi inapomhusu mtoto wa miaka saba. Anayetaka kuivusha hadi kwa mzee wa miaka sabini wa Nainokanoka ana wajibu wa kusema waziwazi kwamba anamchukulia mzee huyo kama mtoto. Watu wachache wana ujasiri wa kulisema hilo kwenye baraza, mbele ya mzee mwenyewe na fimbo yake.

Mwezi Agosti 2024 maelfu ya wakazi walijitokeza barabarani Ngorongoro. Miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba uandikishaji wao wa kupiga kura umepelekwa Msomera, mahali ambako hawakuhamia. Mwezi huo huo Mahakama Kuu mjini Arusha ilisitisha utekelezaji wa tangazo la serikali lililofuta vijiji katika wilaya hiyo. Haki ya kupiga kura ni ya aina ya dai: mwenye wajibu ni anayeandaa daftari na kituo. Kumwambia mpiga kura kwamba haki yake ipo, ila sharti aifuate umbali wa mamia ya kilomita, ni kumhamishia mwenye haki wajibu wa mwingine.

Mwezi Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume mbili, moja kuhusu mgogoro wa ardhi Ngorongoro na nyingine kuhusu zoezi lenyewe la kuhama. Tume za aina hiyo hukusanya maoni kwa Kiswahili, na maoni mengi hufika yakiwa yametafsiriwa tayari kutoka Kimaa na mkalimani wa kijijini. Mzee anaposema kwa lugha yake kwamba hajioni kuwa na deni la kuondoka, karani ana namna mbili za kuandika. Aweza kuandika "si lazima aondoke". Aweza pia, kwa kuwa ni fupi na ndivyo watu wanavyosema, kuandika "hapaswi kuondoka", na anayeisoma ripoti Dodoma akaelewa kwamba mzee amekatazwa kuhama, au kwamba anataka wenzake wakatazwe.